Paka wa Kufungulia Nyumba

Kapitolina alikuwa amewafungulia nyumba nusu ya watu wa Kedrovka, na yeye mwenyewe bado alilala kwenye tela.

Tuseme kweli, aliyefungua ni paka wake. Kule hakuna mtu mwenye akili anayeingia nyumba mpya kabla ya paka. Anayetangulia ndiye anayebeba mikosi iliyojificha ndani, na paka, kwa jinsi Mungu alivyomuumba, mikosi haimpati. Watu humwachia mlangoni, wakasubiri, na pale atakapojilaza ndipo panapowekwa kitanda. Huyu wa Kapitolina aliitwa Fontani, yaani chemchemi inayoruka, kwa kuwa alifika mwaka ule ule kisima cha kwanza kiliporusha mafuta juu kuliko misonobari, wanaume wakapakana nyusoni kwa furaha hata wake zao wasiwatambue. Hakuna nyumba aliyoifungua Fontani ikapata msiba. Paka wengine waliletwa baadaye, lakini watu walimtaka yeye.

Na Kedrovka yenyewe wakati huo ilikuwa nini? Kinamasi cha kaskazini, mbu, na matela manne ya wachimba mafuta. Kapitolina alishuka kwenye tishari na paka kifuani ndani ya koti, mumewe Trofimu nyuma yake kabeba jiko la chuma. Kisha ukaletwa mchanga wa kujazia kinamasi. Zikaja njia za mbao, duka la mkate, shule, nyumba za magogo, halafu zile za zege za ghorofa tano, zilizosimamishwa juu ya nguzo ili zisizame. Kila jengo lilipoisha, watu walimgongea: "Kapa, tuazime Fontani." Akawaazima. Paka akarudi na kipande cha samaki, na Kapitolina akabaki kwenye tela ambamo asubuhi za Januari nywele zake zilikuwa zimegandia ukutani.

"Mji unaumuka kama unga wa hamira," alisema Trofimu. "Zamu yetu itafika."

"Unaumuka, naona. Ila unaumukia upande wa wenzetu."

Trofimu alicheka, akavaa mabuti yake ya sufu na kurudi mtamboni kuchimba kwa wiki mbili nyingine. Mwanaume yule hakujua kugonga meza ya mtu yeyote kudai haki yake.

Sasa, wageni wakipata nyumba Kapitolina alivumilia. Nailya ndiye aliyemshinda. Nailya alikuja kutoka Bashkiria juzi tu, na mumewe Rinati, mchomeleaji wa mabomba. Mwezi wa kwanza walilala kwa Kapitolina, wanne na paka ndani ya tela moja. Ni Kapitolina aliyemfundisha kuziba mlango kwa sufu, na ni yeye aliyemshika mkono alipomzaa Alsu. Walikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Halafu Jumanne, kwenye foleni ya mkate, habari zikamfikia: Nailya kapata nyumba. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu, tena yenye roshani.

"Ndiyo hivyo, Kapa," alisema Zinaida muuza duka, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Kutangulia si kufika."

"Na kupayuka si kujua, Zina. Nipe mkate wangu."

Lakini kijicho kilimshika. Alimwona mawazoni Nailya akifungua bomba, maji ya moto yanatoka tu, bila kuyeyusha theluji ndoo kwa ndoo. Hayo angeyameza. Roshani ndiyo iliyomchoma: pa kutundika samaki wagande, pa kusimama na kuwatazama wa chini.

Jioni Nailya akaja, mashavu mekundu kwa baridi. "Dada Kapa, nina neno zuri, kaa nikwambie..."

"Neno lako nimelisikia dukani. Hongera. Funga mlango, joto linatoka."

"Siyo hilo, dada. Sikiliza kwanza..."

"Nimesema hongera. Unataka nipige na vigelegele?"

Nailya akakaza kilemba chake taratibu. "Basi. Kesho tunahamia. Utatuazima Fontani?"

"Mje mumchukue."

Kulipokucha, Kapitolina alimviringisha paka kwenye ngozi ya kondoo, akamtia kwenye sanduku la vitunguu chini ya kitanda, na juu ya kifuniko akaweka pasi ya chuma. Rinati alipobisha hodi, paka alilia mara moja. Kapitolina akaanza kugonganisha masufuria.

"Shemeji, paka yuko wapi?"

"Katoroka tangu alfajiri."

"Katoroka? Kwenye baridi hii ya kugandisha mate?"

"Akirudi muulize mwenyewe. Mimi si msemaji wake."

Rinati alikuna kichwa akaenda zake. Kapitolina akajimiminia chai. Sasa aingie mwenyewe, alijisemea, aone kama roshani inafukuza mikosi. Hapo akamkumbuka Alsu mchanga, akajitemea mate mara tatu begani kulifuta wazo lile, lakini sanduku hakuligusa.

Dirishani kwake jengo jipya lilionekana lote. Watu walikuwa wakipandisha makabati na magodoro. Mmoja alitanguliza jogoo, mwingine, kwa kukosa, akatupa ndani kiatu kikuukuu. Nailya peke yake alikuwa chini, ameketi juu ya matandiko mbele ya ngazi, mtoto kifuani, hatikisiki. Jua la majira ya baridi halina subira. Likaanza kushuka naye bado yupo.

Zinaida akapita, akaingia bila hodi. "Shoga yako kachanganyikiwa! Tumempelekea paka wawili, kawakataa. Anataka Fontani tu. Na ile nyumba wameshaikodolea macho, unawajua watu wetu: isipolaliwa usiku wa leo, mwenye shoka atavunja mlango aingie, na kwa baridi hii hatatolewa mpaka kiangazi."

"Si amependa mwenyewe kukaa."

"Hee! Roho ya korosho hiyo, Kapa," alisema Zinaida, akatoka.

Na kumbe, aibu iliyoje, Kapitolina alifurahi. Nyumba itampotea. Nailya atarudi kwenye tela la jirani, watayeyusha theluji pamoja, watalaani wenye nyumba pamoja, na mambo yatakuwa kama zamani. Alifurahi hivyo kwa muda wa mafunda mawili ya chai. Kisha Alsu akalia kule nje, sauti nyembamba iliyokauka, sauti aliyokuwa wa kwanza kuisikia duniani. Kapitolina akaisukuma pasi kwa mguu.

"Toka, balaa wewe."

Alifika akihema, paka ndani ya koti. "Amepatikana!"

"Alikuwa wapi?" aliuliza Rinati.

"Chini ya kitanda." Na hilo halikuwa uongo.

Wakapanda. Nailya akafungua mlango, wakamwachia Fontani. Paka alinusa ukumbini, akachungulia chumba kikubwa chenye roshani, akageuza mkia. Akaingia kile kidogo na kujilaza chini ya dirisha, kwenye bomba la joto.

Nailya alipiga makofi. "Haya! Hicho ni chenu!"

"Chetu na nani?"

"Wewe na Trofimu! Nimelia wiki nzima kwenye ofisi ya nyumba mpaka wamekubali: familia mbili, jiko moja. Ndilo neno nililotaka kukwambia jana, ukanifungia mdomo. Rinati alisema tupige kura ya vyumba. Nikasema hapana, chumba atakacholala Fontani ni cha wenye Fontani. Sasa ningewezaje kuingia na paka wa watu?"

Nailya alichuchumaa, akamshika paka shingoni, na mkono wake ukatulia.

"Ana joto," alisema. Akamnusa. "Na ananuka vitunguu."

Alimtazama Kapitolina, akamtazama kwa muda. Rinati alikuwa keshaanza kuburuta kitanda, hakuona kitu.

"Nenda ukalete birika lako, dada," Nailya alisema mwishowe. "Langu linavuja."

Kapitolina akaegemea ukuta wa chumba chake, ukuta mkavu, wenye joto, na machozi yakamtoka. Alilia kwa aibu, alilia kweli. Na katikati ya kilio kile kile jicho lake lilipita mlango uliokuwa wazi, likavuka chumba kikubwa, likatua kwenye roshani na kuipima upana.