Chumba cha Siku Arobaini

Agali, kijana anayepima mionzi majumbani, alikipitisha kile kimashine chake kwenye ukuta wa chumba cha kuzalia, kikaanza kupiga kelele kama mbuzi aliyeshikwa mguu. Asalama, binti yangu, akashika tumbo lake la miezi tisa, akanitazama mimi, si mashine.

Ukuta huo aliujenga marehemu mume wangu kwa mawe ya mgodi wa urani, enzi ambazo hakuna mtu hapa Arlit aliyekatazwa kuyabeba. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mzazi, na mzazi hatoki chumbani humo hadi siku arobaini ziishe.

"Agali mwanangu, mtoto alale hapa au asilale?"

"Mama, imezidi kawaida."

"Imezidi, ndiyo nini? Atakufa?"

"Hapana. Yaani… si leo. Mama, jambo hilo mashine haisemi."

"Mkeo ungemlaza wapi?"

Akainamisha uso. "Mbali na ukuta."

Nikatoa hema langu la ngozi, nikalisimamisha uani. Kabla ya adhuhuri upepo ukageuka, ukatuletea vumbi kutoka kwenye kile kilima cha kijivu cha mabaki ya mgodi. Asalama akakohoa. Nikamrudisha ndani. Nikamtoa tena.

"Mama, kwani mimi mkeka?" akasema.

Delu, jirani yangu Mhausa, alikuwa anachungulia juu ya ua. "Wewe mwanamke, utamzalisha njiani! Mlete kwangu. Nyumba yangu udongo mtupu."

"Imepimwa?"

"Nilimfukuza huyo kijana. Nisilolijua haliniamshi usiku."

Uchungu ukamkamata Asalama pale pale. Nikasema bismillahi, mimi na Delu tukamshika huku na huku hadi kwake. Lakini mjukuu wangu azaliwe chini ya paa la mtu? Kwetu hema ni la mwanamke. Nikarudi mbio, nikaling'oa, nikalitundika ndani ya chumba cha Delu, juu ya kitanda.

"Nyumba ndani ya nyumba," Delu akacheka. "Nyie Watuareg mna kazi!"

Alasiri akazaliwa msichana, alhamdulillahi, mwenye sauti kubwa.

Sikutulia. Nilipomaliza kuswali nilibaki nimekaa, nikiutazama ule udongo. Udongo mtupu, nani kasema? Mchanga wake ulichotwa wapi? Siku ya tatu nikamwona Agali anapita na mashine yake begani.

Delu akaniwahi mlangoni. "Ukimwita, na ikilia, utampeleka wapi? Mwache mtoto anyonye."

"Nyumba ni yako, dada. Mjukuu ni wangu."

Delu akasogea, akinung'unika kwa Kihausa, nami nikamwita Agali.

Akaanzia upande wa kichwa cha mtoto. Kimashine kikagonga polepole, tone kwa tone. Akazunguka chumba kizima.

"Kawaida, mama. Hapa ni kawaida."

Delu akapiga kigelegele.

"Rudia," nikamwambia Agali. "Anzia tena pale."