Altaneta Kubwa ya Mtani Wangu

Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili zangu zote: niliulizwa swali la kazi, nikajibu utani.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa naangalia stoo ya karakana moja pale Korogwe. Nilikuwa na diploma ya ufundi, koti la kaki na mdomo. Mimi Mzigua wa Handeni. Fransisko ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja kukata mkonge, yeye akazaliwa huku huku, na sasa alikuwa anaishi kijijini juu Dindira. Basi tulikuwa watani, tena si wa kubabaisha. Akiingia stoo hanipi salamu.

"We Mzigua, bado hujafa? Fundi ananisubiri, sanda yako nashonea suruali."

"Na miguu hiyo ya kubebea mizigo mpaka Bagamoyo? Haitatosha, utaniongezea kitambaa."

Watu kwenye foleni wanacheka, na mimi roho yangu inatulia. Nikirudi nyumbani nimenuna, mke wangu alikuwa anauliza, "Fransisko hakupita leo?"

Siku hiyo alikuja amevaa shati la kwendea mkutanoni. Kijiji chao kilikuwa kimetengeneza gurudumu la mbao la kuzungushwa na maji ya kijito, ili wapate taa kwenye zahanati. Mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani, na mkunga wao, Bi Chausiku, alikuwa anazalisha kwa kibatari cha kuombaomba. Mkutano ukamchagua Fransisko ashuke kununua altaneta, ile mashine ya kwenye gari inayochaji betri. Kijiji kizima cha Wasambaa, wamemtuma yeye mtu wa kuja. Aliniambia hilo kwa sauti ya chini, nikaona limemwingia.

Mezani nilikuwa nazo mbili, zimetolewa kwenye magari mabovu. Moja ndogo, ya basi. Nyingine ya lori la mkonge, kubwa kama sufuria ya shughuli.

"Mhina," akasema. Hakusema Mzigua, alisema Mhina. "Weka utani pembeni kidogo. Nichukue ipi?"

Kwetu neno hilo ni zito. Mtani akikwambia weka pembeni, unaweka. Ndiyo maana tunaweza kutukanana mwaka mzima na mtu asiumie.

Na jibu nilikuwa nalo. Ile kubwa inatoa umeme mwingi, lakini mpaka izungushwe kwa kasi ya lori lililoko barabarani. Gurudumu la maji linakwenda taratibu. Hata ukiliongezea puli ya kuzidisha kasi, dude lile litalielemea. Ile ya basi inaanza kuchaji hata basi likiwa limesimama stendi linanguruma tu. Kwa kijito, hiyo ndiyo yenyewe.

Lakini nyuma yake alikuwa amesimama Mbwana dereva na wenzake, midomo tayari, wanangoja kicheko chao. Nikakunja uso kama hakimu.

"Chukua kubwa. Mnyamwezi na kitu kidogo wapi na wapi?"

Wakacheka. Fransisko hakucheka. Akainyanyua ile kubwa, akaikumbatia, akasema, "Haya." Nikajua akifika mlangoni atageuka anitukane, nami nimwambie ukweli. Hakugeuka. Mbwana akanisukumia karatasi yake ya kuombea filta, nikajisemea nitamwambia Fransisko kesho. Kesho hakupita.

Zikaenda wiki kadhaa. Siku moja nasikia mlangoni, "Habari za kazi, ndugu Mhina."

Nikatazama nyuma nimwone huyo ndugu Mhina.

"Mnyamwezi una adabu siku hizi. Nani kakuroga?"

"Nimekuja kuuliza, ndugu. Ile mashine haitoi kitu. Gurudumu linazunguka vizuri, tukifunga mkanda na kuunga waya linachoka, linasimama. Watu wote walikuja kutazama. Mzee mmoja akauliza kama niliinunua au niliiokota." Alisema yote hayo kama anasoma taarifa ya kikao. "Labda nilisikia vibaya."

"Hukusikia vibaya. Nilikutania."

"Nilikwambia weka pembeni."

"Uliniambia."

"Basi sawa, ndugu."

Angenikunja shati ningejua pa kuanzia.

Jumamosi nikabeba ile ya basi, na betri, nikadandia lori la majani ya chai mpaka Dindira. Pale kijitoni nikawaambia watu kwamba Fransisko hakukosea. Aliuliza vizuri, mimi wa stoo ndiye niliyempa isiyofaa kwa kutaka kuchekesha watu. Fransisko alikuwa ameshika spana, anatazama maji.

Tukafanya kazi. Nikinyoosha mkono, spana ninayoitaka inatua kiganjani kabla sijasema.

"Mkono mzuri huu," nikamchokoza. "Tukiupeleka mnadani tunapata mbuzi."

"Ahsante, ndugu."

Bi Chausiku, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe, akanitazama kwa huruma.

Nikaunga betri kwanza, maana altaneta haiamki yenyewe, lazima ionjeshwe umeme kidogo. Fransisko akafungulia maji. Gurudumu likavuta, likapunguza, halafu likashika mwendo wake. Zahanati ilikuwa hatua chache tu kutoka pale; kwenye chumba chake cha ndani, kisicho na dirisha, taa ikawa nyekundu kama kaa, ikawa njano, ikawa nyeupe. Bi Chausiku akaingia, akaweka mikono yake chini ya ile taa, akaigeuza huku na huku.

"Kumbe nimezeeka hivi," akasema, "na hakuna aliyeniambia."

Yule mzee wa kuokota akamshika Fransisko bega mbele ya watu, akasema huyu ni mtu wetu. Fransisko akainamisha kichwa. Nikafurahi, kweli nikafurahi.

Alinisindikiza mpaka barabarani, ile kubwa ameibeba yeye. Nikimwambia nikusaidie anasema hapana, ndugu, umechoka. Lori likaja, nikapanda juu ya magunia. Akaipandisha, akaifunga kamba, akajifuta mikono kwenye majani.

"Safari njema, ndugu Mhina. Msalimie shemeji."

"Fransisko," nikasema, "nitukane."

Akawa anakaza kamba ambayo ilikuwa imeshakaza. Dereva akawasha. Nikainama kutoka juu ya magunia.

"Hata kidogo tu, Fransisko. Hata lile la watoto. Nitukane basi niende."