Kitambaa Chekundu cha Hanka

Otylia ndiye aliyemfunga mwanasesere Marzanna kile kitambaa chekundu kichwani. Kilikuwa cha binti yake Hanka, aliyekivaa majira yote ya baridi akiwa hoi kwa homa ya mapafu. Kila mwaka kijiji kilimtupa mtoni yule mwanasesere wa majani makavu ili aondoke na baridi na kifo, na mwaka huu Otylia alitaka aondoke na homa pia.

Wanawake wakamtupa, wakaanza kurudi kijijini na tawi bichi la msonobari lililofungwa tepe za rangi, la kukaribisha majira mapya. Sasa lilibaki jambo moja tu: kutogeuka. Anayetazama nyuma huubeba ugonjwa mpaka kwake. Mwaka jana jirani yao Rozalia aligeuka kuokota kiatu, na kabla ya mavuno akamzika mumewe. Otylia alikaza shingo mpaka ikamuuma. Alikuwa amemwacha Hanka nyumbani, amelala. Homa ilikuwa imemwachia juzi tu.

"Mama!"

Sauti ilitoka nyuma, kule mtoni.

"Usigeuke," akasema Gertruda, mama mkwe wake, bila kupunguza mwendo. "Ni yule wa majani anakuita."

"Ni Hanka, mama."

"Hata Marzanna anajua kuita mama, mwanangu. Tembea."

"Mama! Kitambaa changu kimekwama kwenye barafu!"

Otylia alisimama palepale. Barafu ya ukingoni siku hizi haibebi hata bata. Akigeuka, homa itarudi imchukue mtoto. Asipogeuka, mto utamchukua sasa hivi. Akajaribu kurudi kinyumenyume, mikono ikipapasa hewa nyuma yake. Kisha akasikia barafu ikipasuka.

Akageuka. Alikimbia, akamdaka Hanka kwa kola, mguu mmoja ukiwa tayari majini. Kitambaa kikaenda zake na mto.

Alipanda ukingo akilia, akitarajia kuona migongo ya wanawake wakimkimbia, na wala asingewalaumu. Akaona nyuso. Gertruda alikuwa amegeuka, anautazama mto, na wengine wakageuka mmoja mmoja baada yake, hata Rozalia.

"Mama, umefanya nini?" Otylia akamuuliza.

"Nimetazama maji. Kwani vipi?" Gertruda alivua shali yake, akaufunga mguu wa Hanka. "Sasa tumegeuka wote. Ugonjwa ukija, ukahangaike wenyewe kuchagua mlango."