Mawe Mabichi, Mawe Mabivu

Pale chuoni walimwita Mpishi, na jina lilimkaa sawasawa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupika mawe. Aliyaingiza kwenye maikrowevu kubwa kama kabati la nguo, akayapasha moto kwa sekunde chache, akayaacha yapoe, kisha yakasagwa. Wenzake wa idara nyingine hawakupita mlangoni bila kuchungulia na kuuliza kama chumvi imekolea. Nyumbani nako hapakuwa na nafuu.

"Miaka yote ile ya shule," mama yake alimwambia huku akikwangua sufuria, "mwanangu anawapikia watu mawe, na maharage ya humu ndani anayaunguza!"

Lakini Mpishi alijua anachokifanya. Mgodini umeme mwingi hauendi kwenye kuchimba, unaliwa na kinu. Jiwe lenye madini ni bishi. Gololi za chuma hulitwanga kutwa kucha, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto na kelele tu. Yeye alitaka jiwe lifike kwenye kinu likiwa limeshakata tamaa. Ukilipika, punje za madini zilizomo ndani hupata joto upesi, ilhali punje za jirani hubaki baridi. Hizi zinatanuka, zile zinagoma kusogea, ugomvi unaanza, na jiwe linajaa nyufa ndogondogo zisizoonekana kwa macho. Kwa nje ni jiwe lilelile. Kwa ndani, ndoa imeshavunjika.

Tatizo, hilo tanuri la maikrowevu lilikuwa la kuazima. Wenyewe walitaka kulichukua mwisho wa mwezi, isipokuwa mgodi ukubali kuubeba utafiti ule. Likiondoka, chumba kitageuzwa stoo ya viti vibovu, na Mpishi atahamishiwa ofisi ya usajili kugonga mihuri. Ndiyo maana meneja wa mgodi alipotuma habari kwamba anakuja kujionea, Mpishi aliupiga pasi mkono uleule wa koti mara mbili na kuusahau wa pili.

Kilichoharibu mambo ni usafi. Mkuu wa idara, mtu aliyeamini kwamba mgeni huanza kukagua sakafu kabla ya kumsalimia mwenyeji, alipita asubuhi ya ugeni akaziona trei za mawe. Ya mawe yaliyopikwa ilikuwa nyekundu iliyobabuka, na ya yale ambayo hayajapikwa ilikuwa ya bluu yenye pembe iliyomeguka.

"Mnataka kunivua nguo mbele ya wageni?" aling'aka. Akaleta trei mbili mpya, nyeupe, zilizofanana kama mapacha.

Mpishi akamimina mabichi kwenye trei moja, akachukua kalamu nene na kuandika ubavuni, kwa herufi kubwa, MB. Kisha akakimbilia getini kumpokea mgeni. Chumba cha pili, kando ya tanuri, alikuwepo fundi wa kinu, jamaa wa mwili mkubwa aliyeitwa Kishindo kwa sababu hakuwa na imani na mashine isiyopiga kelele. Naye akamimina yaliyopikwa kwenye trei yake, akachukua kalamu nene, akaandika MB. Akazibeba zote mbili hadi mezani huku mkuu akimhimiza kwa nyuma kwamba dirishani bado kuna utando wa buibui.

Meneja aliingia na buti zake za mgodini. Alikuwa mama mrefu, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kuuziwa vitu vingi.

"Karibu sana, mama," Mpishi alianza. "Hapa tuna mawe mabichi, na hapa..."

Macho yake yakaenda kwenye herufi. Trei ya kushoto iliandikwa MB. Trei ya kulia iliandikwa MB.

"Kaka Kishindo," alisema, na tabasamu lake lilikuwa la kukodi. "Hii MB ni nini?"

"Mabivu."

"Na hii?"

Kishindo akainama, akatazama moja, akatazama nyingine. "Nayo pia... inaonekana mabivu."

"Mimi niliandika mabichi!"

"Sasa dada, kwa nini usiandike neno zima?"

"Na wewe mbona hukuandika yaliyopikwa?"

"Kwani mabivu ni tusi?"

Hakukuwa na wa kulaumiwa ila mawe yenyewe. Ukishayafanya kuwa mengi, kila sifa inayoyagusa inajivika MA mbele: magumu, mazito, makubwa, mabichi, mabivu. Lugha yenye maneno ya kumwaga, na wao wawili wakaangukia herufi zilezile! Mwandiko nao haukusaidia. Wote waliandika herufi za bango, na kila mmoja aliapa kwamba ya kushoto ndiyo yake.

"Ni utani wa maabara tu, mama," mkuu alidakia akicheka peke yake. "Ya kushoto ndiyo mabivu. Tuendelee."

Mpishi aliona mlango wa kutokea. Angeitikia tu, na huenda mkuu angekuwa amepatia. Lakini kama angekuwa amekosea, mita ya umeme ya kinu ingesema mbele ya wote kwamba kupika mawe kunayafanya yawe magumu zaidi.

"Mkuu, hatujui," alisema. "Mama, tumezichanganya trei."

Mkuu alifumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

"Basi tusage zote!" Kishindo akachangamka. "Itakayokula umeme kidogo ndiyo mabivu."

Meneja akaangua kicheko. "Ujanja mzuri huo! Yaani itakayoshinda ndiyo yenu? Kwa mtindo huo hata mimi ningeshinda bahati nasibu kila wiki. Semeni kabla ya kusaga. La sivyo, niacheni nirudi kazini kwangu."

Kishindo, aliyekuwa ameshika jiwe la trei ya kushoto, akalirusha humohumo kwa hasira. *Ko.* Akachukua lingine la trei ya kulia, akalibwaga humohumo. *Ting.*

"Rudia," alisema Mpishi.

"Nirudie nini? Kununa?"

Mpishi akazisogelea trei. Alichukua mawe mawili ya kushoto, akayagonganisha karibu na sikio. Sauti ilikuwa butu, kama ya kugonga mlango wa mbao zilizolowa. Akachukua mawili ya kulia. Yaliimba.

"Mama, ukienda kununua chungu unafanyaje?"

"Nakigonga."

"Kisipolia?"

"Kina ufa, namwachia mwenye..." Meneja akakatiza sentensi yake mwenyewe. Akasogea mezani. "Geuka. Tazama ukuta."

Mpishi akageuka. Nyuma yake meneja aligonganisha mawe, jozi baada ya jozi, akiruka trei hii na ile, mara nyingine akirudia ileile kumtega. "Kulia. Kushoto. Kushoto tena. Kulia," Mpishi alizitaja trei. Jozi moja ilimshinda. "Hiyo sijui," alisema. Kisha akaendelea.

Alipogeuka, meneja alikuwa ameshika kalamu nene. Kwenye trei ya kushoto aliandika neno zima, MABIVU. "Sasa saga," alimwambia Kishindo.

Walipima uzito sawasawa wakaanza na mabichi. Kinu kilinguruma mpaka madirisha yakatetemeka, naye Kishindo akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kikasimamishwa pale tu unga wote ulipopita kwenye chekeche. Wakaingiza mabivu, wakatumia chekeche lilelile. Hata mtu angepiga kelele asingesikika. Kinu kilipotulia, wote waliinamia mita, vichwa vikakaribia kugongana. Umeme ulikuwa umepungua kwa karibu theluthi.

Mkuu akapiga makofi. Meneja hakupiga.

"Na umeme wa kupikia?" aliuliza.

"Ukiujumlisha," Mpishi akajibu, "bado tunapata hasara."

Makofi ya mkuu yalikatikia hewani.

"Hasara yenyewe ni ndogo," Mpishi akaendelea. "Tunapika kupita kiasi. Tunalipasha moto jiwe zima, ilhali nyufa huanza mapema, punje zikipata joto tu. Nataka kujua ni muda mfupi kiasi gani unatosha. Ndiyo maana nalihitaji tanuri."

Meneja akairudisha kalamu nene mezani. "Wanaokuja na mashine zao ofisini kwangu hawajui neno hasara. Nikishanunua ndipo naliona, kwenye bili." Akageuka kwa mkuu. "Tanuri libaki. Wenye nalo nitaongea nao mwenyewe leo. Ila haya mawe yenu ni ya kistaarabu, binti. Yangu ni majeuri. Nitakuletea."

Wakadhani ni maneno ya kuagana. Wiki haijaisha, lori la mgodi likaingia chuoni kinyumenyume, likamwaga shehena yake yote mbele ya jengo, na kulizungushia gari la mkuu ukuta wa mawe hadi madirishani.

Mkuu alitoka na funguo mkononi. Mpishi alikuwa ameshachuchumaa kwenye lundo, akigonganisha jiwe kwa jiwe, sikio limeinama, kama hakuna mtu mwingine duniani.

"Mimi nitaondokaje hapa?" mkuu akafoka.

Kishindo akasukuma toroli, akalisimamisha miguuni pake. "Anza na hayo ya mlangoni, mkuu," alisema. "Ila uyaweke taratibu. Dada anasikiliza."