Ukoo Usiojuana Bustanini

Bibi alikuwa na ombi moja tu: apigwe picha na uzao wake wote kwa pamoja, asikosekane hata wa kunyonya. Alisema amekaa kwenye harusi zetu zote na misiba yetu yote, na kila mara kuna aliyesafiri, kuna aliyenuna, na kuna anayedai tumbo linamsumbua. Sasa kitinda mimba wake, baba yetu mdogo, alikuwa amepata kazi ya mkataba ng'ambo na angepanda ndege Jumapili usiku. Ikawa picha ni Jumapili mchana au basi tena.

Nyumba ya kututosha hatuna. Tulishajaribu sebuleni kwa Shangazi. Mpiga picha alirudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akajikuta amekaa kwenye sinki la jikoni, na bado alimpata Bibi na viwiko vya watu. Iliyobaki ni bustani ya mji, yenye majani mazuri, mabenchi ya chuma na msimamizi mwenye filimbi.

Shangazi ni mkunga. Amezoea kumwambia mtu asukume na mtu anasukuma. Alikwenda ofisi ya bustani akitegemea mambo yatakuwa hivyo hivyo, lakini karani wa dirishani, aliyekuwa akimenya karanga, hakusukumika. Alimweleza kwamba mkusanyiko wowote unaozidi watu hamsini unahitaji kibali, na maombi huletwa wiki tatu kabla. Shangazi akasema huu si mkusanyiko, ni ukoo. Karani akauliza ukoo huo una watu wangapi. Shangazi akajibu kwamba watu hawahesabiwi kama kuku, na karani akasema basi wamezidi hamsini.

"Na wakiwa arobaini na tisa?" Shangazi akauliza.

"Arobaini na tisa hawanihusu, mama. Hata wakisimama kwa vichwa."

Shangazi alitoka pale anatembea kama aliyekabidhiwa kibali chenye mhuri.

Jioni alituita wakubwa wa kila nyumba akatugawa. Baba mkubwa na watu wake wangekuwa klabu ya mazoezi. Nyumba yetu tungekuwa watazama ndege. Wa Shangazi wangekuwa darasa la kuchora, na mpiga picha angekaa nao, mchoraji mwenye kamera badala ya penseli. Bibi angekaa benchini na wagonjwa wa mgongo. Kila kundi lingekuwa chini ya hamsini, na hakuna kundi ambalo lingelijua jingine. Ikifika saa kumi, msimamizi akienda kunywa chai yake, tungekimbilia kwa Bibi, tupigwe picha na kutawanyika kabla hajarudi.

"Mkipishana, hamjuani," Shangazi alituonya. "Hakuna kuitana, hakuna kucheka pamoja, hakuna shikamoo. Atakayeniharibia nitamzalisha bila mimba."

Jumapili tulianza vizuri kupita kiasi. Tulitazama ndege kwa bidii, ingawa aliyekuwepo alikuwa kunguru mmoja, naye alianza kuona haya. Klabu ya mazoezi iliruka mpaka Baba mkubwa akaomba maji. Darasa la kuchora lilimchora msimamizi, jambo ambalo halikumfurahisha.

Saa kumi ikafika. Msimamizi akatoa chupa ya chai mfukoni, akainywea pale pale akiwa amesimama.

Shangazi alipauka. Baba mdogo akatazama saa yake, kisha akaitazama njia ya kwenda uwanja wa ndege. Bibi naye aliketi benchini akiwaangalia watoto wake huku na kule, kama mtu anayeonyeshwa chakula dirishani.

Ndipo Baba mkubwa, akizunguka bustani na klabu yake, akapita mbele ya lile benchi. Alipita kimya, macho mbele, kama tulivyopatana. Bibi mwenyewe alikuwa ameukubali mpango, tena alikuwa ameucheka. Lakini kukubali ni jambo moja, na kupitwa na mtoto uliyemzaa kama kisiki ni jambo jingine.

"Nimekuwa mti siku hizi," alisema Bibi, si kwa sauti kubwa.

Miguu ya Baba mkubwa ikagoma. Alirudi, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Goti limepona?"

Msimamizi alifika mbio. Akauliza kama wanafahamiana. Baba mkubwa akakana. Msimamizi akamkumbusha kwamba amemwita mama.

"Sasa ulitaka nimwite nani? Binti?"

Msimamizi akaliacha hilo, maana hata yeye asingempita mtu wa umri ule bila kumwamkia. Tatizo ni kwamba sisi wengine tulikuwa tumeona. Mmoja akishamwamkia Bibi, wewe uliyebaki unaonekana huna adabu. Mtazama ndege wa kwanza akasogea, akafuata mchoraji, akafuata mwingine, na kufumba na kufumbua palikuwa na foleni kutoka benchini hadi getini. Shangazi alikuwa akitukonyeza na kutukodolea macho, halafu naye akaona aibu akajipanga.

Bibi alipokea kila shikamoo na kuiongezea lake. Huyu mtoto ameacha kukohoa? Na wewe, yule mchumba bado anakuzungusha? Wewe nilikwambia nyoa.

"Bibi," msimamizi akasema taratibu, "watu hawa unawajua?"

"Siwajui hata mmoja."

"Umemuuliza huyu habari za mchumba wake."

"Ndiyo, mwanangu. Nikimjua nitamuuliza nini tena?"

Msimamizi alimtazama Bibi, akatutazama sisi. Alitembea kando ya foleni akiangalia sura moja baada ya nyingine, na kila sura ilikuwa na lile paji la uso la kwetu, pana kama mlango wa gereji. Hata wachanga walikuwa nalo. Akapuliza filimbi. Alitangaza kwamba huu ni mkusanyiko mmoja usio na kibali na kwamba atauandikia ripoti, lakini ripoti haiandikwi bila idadi. Hakuna kutoka mtu.

Alianza kuhesabu. Watoto wakazunguka nyuma yake wakahesabiwa upya. Akaanza tena, pacha wa binamu yangu wakamchanganya. Jasho likamtoka. Mwishowe akaamua kutupanga kama wanafunzi: warefu nyuma, wafupi mbele, watoto wakae chini, wachanga wabebwe waonekane vizuri. Akamnyanyua Bibi kwa mkono, kwa heshima, akamweka katikati mstari wa mbele. Akamvuta Baba mdogo aliyekuwa amejibanza pembeni, akamsimamisha nyuma yake.

"Sogeeni, sogeeni. Yule mrefu, inama. Tazameni mbele, nione uso wa kila mtu."

Hatujawahi kutii amri namna ile. Mpiga picha, ambaye hana paji letu, alikuwa ameachwa kando kama shahidi. Alipiga picha moja, akapiga ya pili, akapiga mpaka kidole kikachoka.

Msimamizi alipomaliza, alitusomea kanuni yote kwa sauti, akamkabidhi Shangazi karatasi ya onyo, kisha akaamuru waliozidi hamsini waondoke bustanini mara moja. Nani abaki na nani aondoke, tuamue wenyewe.

Tulianza kubishana hapo hapo. Bibi alishajifunga kitenge na kuchukua mkoba wake.

"Mimi naondoka," alisema. "Watu wote hawa, kelele zote hizi. Nani anaweza?"