Bakuli la Pili

Fundi cherehani alikuwa na jicho, na alijivunia. Mletee kitambaa cha rangi yoyote, atakuchagulia uzi wake bila hata kutoka nje kwenye mwanga. Jicho hilohilo ndilo lililomtia maradhi ya kukusanya vyombo vya kale vya Kichina, na si vyovyote tu. Alitaka vya rangi moja tupu, visivyo na ua wala joka. Ua, alisema, humsitiri fundi mvivu.

Kipenzi chake kilikuwa bakuli dogo la manjano hafifu, kama siagi. Alilitafutia mwenzake miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja akarudi nalo limeviringishwa ndani ya koti, anacheka peke yake. Akayaweka pamoja rafuni, na kila mgeni aliyekanyaga sebuleni ilimbidi ayatazame na kuyasifu.

Lakini uzee hauna adabu. Mtoto wa jicho alikuwa akimnyemelea polepole, mwenyewe hana habari, hadi alipoanza kupitisha uzi kando ya tundu la sindano. Akapasuliwa. Siku bandeji ilipotolewa hakutaka chai wala kulala, alitaka mabakuli yake. Mkewe akasema apumzike kwanza, akasema yana vumbi, akasema kesho nayo ni siku. Wapi! Mzee alishafika rafuni.

Akayapeleka dirishani, moja mkono huu, moja mkono huu. La kwanza lilikuwa manjano yake ileile. La pili lilikuwa jeupe pe; kumbe manjano yake ilikuwa ya ukungu wa jicho. Moyo ukamwuma. Wageni wote wale, na majivuno yote yale!

"Ulijua?" akamwuliza mkewe.

"Tangu siku ulipolileta."

"Ukaniacha nijiaibishe?"

Mke akakiri kwamba wageni alikuwa akiwakonyeza. Kisha akampokea mabakuli, akayaweka mezani.

"Tangu tumzike binti yetu ulikuwa hujacheka, mume wangu. Siku ile uliingia unacheka. Ningekwambia nini, kwamba ni jeupe?"

Hasira yote ilimwisha mzee, akabaki na mapenzi na huzuni, akaketi. Machozi yalipoanza kumtoka akajitetea kwamba daktari amekataza jicho lisiingie maji.

"Amekataza yanayoingia," mkewe akasema, akimpangusa shavu kwa kiganja. "Haya yanatoka."