Kielelezo cha Shangazi

Picha ilipomulikwa ukutani, wajumbe wote wa kamati waliitazama feni ya dari iliyovunjika panga moja. Mimi nilimwona chui.

Alikuwa pale pale alipokuwa tangu utoto wangu, ngozi yake imetandazwa ukutani juu ya meza ya mapokezi katika nyumba ya wageni ya Shangazi, mkia umeelekea upande wa choo cha wageni. Nimelelewa chini ya ngozi ile. Kila asubuhi nikienda shule nilikuwa nikiiamkia, na nilipokua nikaacha kuiona, kama mtu asivyoiona pua yake mwenyewe. Sasa ilikuwa imejaa ukuta mzima wa chumba cha kamati, kila doa lina ukubwa wa sinia, na aliyeileta ni Shangazi mwenyewe, kwa mikono yake, akiwa na akili zake timamu.

Mwenyekiti wa kamati hiyo ni mimi. Tulikuwa tukiuchambua muswada uliobeba mambo mawili: ushuru wa malazi, yaani kila mtalii alipie kitu kidogo kwa kila usiku anaolala, na adhabu kali zaidi kwa majangili na kwa yeyote atakayekutwa na nyara, iwe ngozi au pembe, bila kibali. Ushuru ndio ungewalipa askari wa wanyamapori. Wenye nyumba za wageni wakaja juu, wakaamua kutuma mtu wa kuwasemea. Wakamtuma Shangazi, mwanamke ambaye hata mbwa wa jirani humpisha njia.

Niliwaambia wajumbe wazi kwamba shahidi huyo ndiye aliyenilea, nikataka kukiacha kiti.

"Kaa, Mheshimiwa," akasema mjumbe mmoja mzee tuliyezoea kumwita Hoja Binafsi. "Nani humu hana shangazi?"

Wakacheka, nikakaa. Laiti ningejua!

Shangazi alipoingia, nilisimama bila kufikiri. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Maneno hayo yamo kwenye kumbukumbu rasmi mpaka leo.

Kisha akaanza kazi iliyomleta. "Waheshimiwa, mnasema mnatoza hoteli za kitalii. Hebu itazameni hoteli yangu ya kitalii!" Ndipo picha ikamulikwa. "Feni hiyo ikizunguka, mgeni anashikilia kitanda. Kochi hilo limeegemezwa tofali. Mimi ndiye mnayetaka kunikamua?"

Wajumbe walitikisa vichwa kwa huruma. Upande wa kulia alikaa afisa wa wanyamapori, mwanamume mpole mwenye miwani, aliyekuja kuutetea muswada. Alikuwa ameinama, anachonga penseli.

Lazima niseme pia nilichokifanya asubuhi ile. Mbele ya kamera nilipiga meza nikanguruma: "Kwenye nyara hakuna cha ndugu wala jamaa! Awe waziri, awe mama yangu mzazi, sheria itafuata mkondo wake!" Nilijisikia raha ya ajabu. Mama mzazi nilimtaja kwa kujiamini kwa kuwa alishatangulia mbele ya haki zamani. Shangazi hakunijia akilini hata chembe.

Tukatazamana. Aliyafuata macho yangu hadi ukutani, nikamwona anameza mate.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "naomba kuiondoa picha hiyo. Haikutoka vizuri."

"Mbona nzuri tu!" akadakia Hoja Binafsi. "Hata tofali linaonekana."

Kwa desturi yetu, kielelezo kikishapokelewa ni mali ya kamati, na hakiondoki ila kwa idhini ya mwenyekiti. Idhini yenyewe ni neno moja tu: kimeondolewa. Karani angezima mtambo, afisa angeendelea na penseli yake, nasi tungekwenda kunywa chai. Kidole cha karani kilikuwa tayari kwenye kitufe, ananingoja mimi.

Nilijua ngozi ile ni nini kwake. Ilikuwa zawadi ya harusi isiyo na kibali chochote, wafanyakazi wenza wa marehemu mumewe waliichangia. Picha za harusi hana hata moja, ana chui. Nilijua pia kwamba nikilisema lile neno, sitamkaripia tena jangili yeyote bila kujisikia tapeli. Na nisipolisema, huenda nimempoteza mama wa pekee niliyebaki naye. Nilitamani umeme ukatike. Umeme nao, siku unayouhitaji ukatike, hauna habari nawe.

"Ombi la shahidi limekataliwa," nikasema. "Afisa, tafadhali tazama ukutani."

Akatazama. Penseli ikamponyoka.

Shangazi akashika kiuno. "Wewe mtoto! Nimekubeba mgongoni na surua yako, leo unanianika mbele za watu?"

"Shahidi azungumze kupitia kiti."

"Nitakipitia hicho kiti nikufikie huko huko uliko!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, ila sisi wawili.

Afisa, ambaye nadhani alikuwa na hofu kuliko sote, akasafisha koo. Akasema kwa kuwa mama huyu ameionyesha nyara mwenyewe, bila kupekuliwa, anaweza kuhesabiwa kuwa ameisalimisha. "Tena mbele ya mashahidi wengi kuliko kawaida," akaongeza. Hatashtakiwa. Ataandika maelezo, na ngozi itachukuliwa leo.

"Leo?" akauliza Shangazi, na hapo ndipo alipolia.

Muswada ulipita, na nyumba ndogo za wageni zikapunguziwa ushuru kwa nusu. Vita hiyo Shangazi aliishinda. Lakini simu zangu hakuzipokea, wiki baada ya wiki, na mimi nikawa nalala vibaya na kula vibaya. Jumamosi moja nikaona liwalo na liwe, nikaenda.

Mlango wa mapokezi ulikuwa wazi. Ukuta ule umefifia kwa miaka mingi ya jua, isipokuwa pale ngozi ilipokuwa: rangi imebaki mbichi, ina kichwa, ina miguu minne, ina mkia ulioelekea chooni. Mgeni mmoja mwenye begi mgongoni alikuwa akiishangaa.

"Mama, hiki ni nini?"

Shangazi alikuwa akitafuta funguo kwenye droo. Hakuinua kichwa.

"Hapo palikuwa na chui," akasema. "Mwanangu alimkamata."

"Mwanao ni askari?"

"Askari wapi!" Kidevu chake kikapanda juu. "Hao askari wenyewe wakimwona wanasimama."

Nami nikabaki pale nje ya mlango, natafuta sauti ya kubisha hodi.